Presha ya mama na kumbukumbu inayokatika

"Shikamoo daktari. Naandika kutoka Moshi. Mama yangu ana miaka 73, anaishi Machame, na ana presha kwa zaidi ya miaka ishirini. Dawa alikuwa akimeza siku kichwa kikimuuma tu. Miaka miwili iliyopita mkono wa kulia ulilegea na mdomo ukapinda kidogo. Tulimpeleka hospitali, baada ya wiki akawa mzima, tukashukuru. Sasa mambo yamebadilika. Alikuwa mweka hazina wa VICOBA yao, kikundi cha kuweka na kukopa, hesabu zote kichwani. Leo hawezi kupika mtori mpaka mwisho, anasimama katikati ya jiko hajui kinachofuata. Anatembea kwa hatua fupi kama anaogopa sakafu. Anauliza jambo moja mara nne. Anaficha hela, halafu anasema dada wa kazi kamwibia. Kuna siku yuko sawa kabisa, mpaka tunajiona waongo. Kaka yangu anasema ni uzee, shangazi anasema amechezewa. Daktari aliyesoma picha ya ubongo alisema mishipa midogo imechoka, hakufafanua zaidi. Presha ni jambo la moyo na damu, inaulaje kumbukumbu? Hii ndiyo Alzheimer? Mimi nina miaka 45 na presha yangu imeonekana mwaka jana, je, nitafika huko? Na mama mwenyewe tumwambie?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina mambo ambayo daktari hutamani kuyasikia na mara nyingi hayasikii, kwa sababu ndugu huja kliniki na neno moja tu, "anasahau". Wewe umetaja mtori ulioishia njiani, hatua fupi, na mkono uliolegea kisha ukapona. Hayo matatu yananieleza mengi kuliko kusahau kwenyewe.

Nianze na kaka yako, maana hoja yake ndiyo inayochelewesha wagonjwa wengi. Uzee upo na una kazi yake. Mtu wa miaka 73 hufikiri polepole kuliko kijana, jina la jirani humponyoka likamrudia jioni akiosha vyombo, na ubongo wake huwa umenywea kidogo. Lakini maneno yake hubaki, na kazi ya mikono aliyoifanya nusu karne haimtoki. Ushahidi uko kwenu hukohuko. Watafiti walipita vijiji vya wilaya ya Hai, ndiyo wilaya ya Machame, wakawapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba wenye demensia, yaani kuporomoka kwa akili mpaka mtu anashindwa kujiendeshea maisha, ni asilimia 6.4, baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri. Uzee ungekuwa ndio sababu, wazee wa Hai wote wangekuwa nayo. Zaidi ya tisa katika kumi hawana. Basi mama anaumwa, na anayeumwa hutafutiwa kinachomuumiza.

Sasa swali lako kubwa, presha inaulaje kumbukumbu. Ubongo ni kama asilimia mbili tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia ishirini ya oksijeni yote. Tena hauna ghala. Misuli na ini huweka akiba ya sukari, ubongo hauweki akiba ya maana. Damu ikikatika kabisa mtu huzimia ndani ya sekunde chache, na baada ya dakika chache seli za neva huanza kufa. Ubongo huishi kwa damu ya sasa hivi.

Wewe ni mtu wa Machame, mfereji unaujua. Maji hushuka toka mlimani, hugawiwa mashamba ya juu, na shamba la mwisho hupata yaliyobaki. Mwaka wa mvua nzuri hakuna anayelalamika. Kingo zikibomoka au tope likijaa, wa kwanza kukauka ni yule wa mwisho. Ubongo nao una mashamba ya mwisho. Ateri kubwa hupanda shingoni na kutandaa chini ya ubongo na juu ya uso wake. Kutoka kwake huchomoza vijishipa vyembamba, vingi havifiki hata nusu milimita, vikazama hadi ndani kabisa. Kila kimoja kina eneo lake la kunywesha, na kikiziba hakuna mchepuko wa maana wa kupitisha damu kutoka kwa jirani.

Hapo ndipo presha inapofanyia kazi yake. Sehemu nyingi za mwili, ateri hugawanyika hatua kwa hatua, na kila mgawanyiko hupunguza msukumo. Vijishipa vya ndani ya ubongo vimeota moja kwa moja kwenye ateri kubwa, kama bomba la nusu inchi lililoungwa kwenye bomba kuu la mtaa bila kitu cha kupunguza nguvu ya maji. Kila pigo la moyo hufika na nguvu yake karibu yote. Ukuta wa mshipa hujikinga kwa kunenepa. Misuli laini iliyokuwa ikiutanua na kuubana hufa kidogokidogo, na nafasi yake hujazwa na kitu kigumu ambacho chini ya darubini hung'aa kama kioo. Tundu linapungua. Miaka kumi, kumi na tano hupita hivyo na mwenye mwili hasikii lolote. Ndiyo sababu dawa ya siku ya kichwa haikumsaidia mama. Presha iliyopanda kwa kawaida haiumi popote, na siku zile ambazo kichwa kilikuwa kimya mishipa ilikuwa ikiendelea kupigwa.

Mshipa uliofikia hali hiyo huishia kwenye moja ya njia mbili. Unaweza kupasuka, damu ikamwagika ndani ya ubongo. Au unaziba, na kipande kidogo cha ubongo kinakufa na kuacha tundu lenye majimaji, la milimita tatu hadi kumi na tano hivi. Madaktari wa Ufaransa wa karne ya 19 waliliita kwa neno lililotoka kwenye Kilatini, lenye maana ya shimo au kidimbwi. Tundu likiangukia kwenye njia ya mkono, mkono unalegea na familia nzima inaona. Likiangukia pengine, hakuna anayejua. Viharusi hivyo vya kimya ni vingi kuliko vinavyoonekana. Kwa hiyo kile cha miaka miwili iliyopita mimi sikihesabu kuwa cha kwanza. Nakihesabu kuwa ndicho kilichojitokeza.

Kuna uharibifu wa tatu, huu hauna siku wala saa. Sehemu nyeupe ya ubongo ni nyaya: mamilioni ya nyuzi zinazounganisha seli za hapa na za kule, kila uzi umevikwa ala ya mafuta ili ujumbe upite haraka. Seli zinazotengeneza ala hizo hazivumilii kukosa oksijeni. Mshipa uliokakamaa hauwezi kutanuka pale ubongo unapodai damu zaidi, na ukuta wake huanza kuvuja, ukaruhusu protini za damu kuingia mahali ambapo hazikupaswa kufika. Kinga ya mwili inaamka, ala zinabanduka. Seli za kufikiri ziko hai upande huu na upande ule, ila ujumbe kati yao unachelewa au unapotea njiani. Kwenye picha ya MRI maeneo hayo huonekana kama mawingu meupe. Naamini ndiyo hayo daktari aliyaita kuchoka.

Sasa urudi jikoni kwa mama. Mtori una utaratibu wake: nyama ianze, ndizi zimenywe na kuingia kwa wakati wake, ujue saa ya kuponda, saa ya chumvi. Kupanga mambo yafuatane ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo ikishirikiana na vituo vya ndani kabisa, na nyaya kati yao hupita kwenye yale mashamba ya mwisho. Mama hajasahau mtori ni nini. Mpe ndizi amenye, atamenya vizuri. Kilichokatika ni uzi wa kushikanisha hatua ya kwanza na ya pili, na uzi huohuo ndio uliokuwa ukibeba hesabu za VICOBA. Nyuzi za kuongoza miguu na kibofu nazo hupita jirani ya hapo, ndiyo maana ya hatua fupi. Muulize dada wa kazi kama siku hizi mama anakimbilia choo na pengine hawahi. Uangalie pia kama anakaa kimya kutwa bila hamu ya kitu, kwa sababu hali hiyo watu huiita uvivu au majivuno, nayo ni dalili kamili ya ugonjwa huu.

Siku nzuri na siku mbaya zisiwafanye mjione waongo. Ubongo unaofanya kazi ukingoni hauna akiba, kwa hiyo jambo dogo linaonekana kubwa: usiku wa kukosa usingizi, maji kidogo mwilini, presha iliyoshuka ghafla, maambukizi ya mkojo. Mzee wa namna hii akipata malaria au nimonia anaweza kuvurugikiwa ndani ya siku moja, akaongea ovyo au akalala kutwa, hata kabla homa haijapanda. Mabadiliko ya siku moja au mbili yapelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na kama anaona watu au wanyama ambao hawapo, mwambieni daktari kabla hajaandika dawa yoyote ya kumtuliza, kwa sababu kuna aina nyingine ya demensia inayokuja hivyo, na wagonjwa wake hudhurika sana na dawa kama haloperidoli.

Je, hii ndiyo Alzheimer? Mwaka 1901, huko Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimpokea mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter, aliyekuwa akimwonea mumewe wivu usio na msingi na kuficha vitu nyumbani. Alipofariki mwaka 1906 Alzheimer aliupima ubongo wake na kukuta mambo mawili ambayo leo kila mwanafunzi wa udaktari anayajua. Nje ya seli kulikuwa na mabonge, nayo sasa tunajua ni ya protini iitwayo amiloidi. Ndani ya seli kulikuwa na mafundo ya nyuzinyuzi, ambayo ni protini nyingine, tau. Amiloidi huanza kurundikana miaka kumi na tano hadi ishirini kabla ya mtu kuonyesha dalili. Tau huanzia karibu na hipokampasi, mahali pa kuandikia mambo mapya, ndiyo sababu mgonjwa wa Alzheimer anakusimulia harusi yake neno kwa neno na hajui kama amekula mchana. Lakini kwenye ripoti yake fupi ya mwaka 1907 Alzheimer aliandika pia kwamba mishipa mikubwa ya damu ya mgonjwa huyo ilikuwa imekakamaa. Sentensi hiyo ilisahaulika kwa miongo mingi. Wanasayansi waligawana kambi, hawa wa amiloidi na wale wa mishipa, na nadhani mgawanyiko huo uliwagharimu wagonjwa.

Ubongo haujui kambi. Amiloidi hutengenezwa kwa kila mtu, hata wewe sasa hivi. Mwenye afya huiondoa, na njia mojawapo kuu ya kuiondolea ni pembeni ya mishipa ya damu, ikisukumwa na mapigo ya mishipa yenyewe. Mwaka 2012 kundi la mtafiti Maiken Nedergaard lilionyesha kwa panya jinsi majimaji ya ubongo yanavyopita kandokando ya mishipa na kusomba taka, na mwaka uliofuata likaonyesha kuwa kazi hiyo hushamiri panya akilala. Mshipa uliokakamaa hausukumi vizuri, na taka zinabaki. Amiloidi nayo hulipiza, hujibandika kwenye kuta za mishipa na kuzifanya ziwe rahisi kuvuja damu. Mfereji wenye tope unaharibu shamba, na shamba linalobomoka linamwaga udongo kwenye mfereji.

Ushahidi ulionishika kuliko wote ulitoka kwa watawa wa Kikatoliki nchini Marekani. Masista 678 walikubali kupimwa akili kila mwaka na kuacha bongo zao zichunguzwe wakifariki, kazi iliyoanzishwa na mtafiti David Snowdon mwaka 1986. Walikula chakula cha aina moja, wengi walifundisha shule, hawakuvuta sigara. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya 102 kati yao. Kulikuwa na masista 61 ambao bongo zao zilijaa mabonge na mafundo ya kutosha kuitwa Alzheimer. Ungetarajia wote wawe wamepoteza akili, na haikuwa hivyo. Waliokuwa pia na kidimbwi kimoja au viwili katika vituo vya ndani ndio waliokutwa na demensia kwa wingi sana kuliko wasio na kidimbwi chochote. Kiharusi kidogo kimoja au viwili vilikuwa na uzito mkubwa katika kuamua kama sista atamaliza maisha akisali kwa akili timamu.

Kwa mama, basi, jibu langu ni kwamba inawezekana sana ana vyote viwili. Kuanza baada ya kiharusi, mwendo, na kushindwa kupanga vinaelekea kwenye mishipa. Kuuliza jambo moja mara nne kunaelekea kwenye hipokampasi. Katika umri wake mchanganyiko ni jambo la kawaida sana. Singependa mtumie fedha nyingi kutafuta jina moja safi la ugonjwa. Amiloidi ya mama hatuna cha maana cha kuifanya. Mishipa yake tunaweza kuilinda kuanzia kesho asubuhi.

Kabla ya hapo kuna vitu vya kuondoa mezani, kwa sababu vingine hutibika kabisa. Je, mama alianguka miezi ya karibuni, hata kidogo? Damu inaweza kukusanyika taratibu chini ya fuvu na kuubana ubongo. Apimwe tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende, sukari, figo, wingi wa damu. Asikilizwe moyo kama unadunda bila mpangilio, kwa sababu moyo wa namna hiyo huunda mabonge ya damu yanayorushwa kichwani. Aangaliwe masikio na macho. Asiyesikia vizuri huonekana amechanganyikiwa, na kutosikia kwenyewe huongeza hatari ya demensia. Aulizwe pia kuhusu huzuni, maana mzee mwenye sonona husahau. Halafu mkusanye dawa zote za nyumbani, pamoja na zile za duka la mtaani, mzimwage mezani mbele ya daktari. Nimeona mara nyingi akili ya mzee ikirudi nusu kwa kumwachisha Piriton ya kila usiku, diazepamu, au amitriptilini aliyoandikiwa kwa maumivu ya miguu na hakuna aliyekumbuka kuisimamisha.

Msiruhusu apimwe kwa kuandika na kuchora tu kama hakusoma sana. Mtihani wa kalamu humwangusha mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu, na huko kwenu Hai palifanyika kazi kubwa ya kutengeneza kipimo kinachofaa wazee wetu: mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata mfano, anataja wanyama kadiri anavyoweza ndani ya dakika moja. Kipimo hicho kinaitwa IDEA na ni cha dakika chache.

Dawa ya presha sasa ni ya kila siku, kichwa kiume kisiume. Lakini sikiliza hili vizuri, kwa sababu linaua. Mishipa ya mtu aliyeishi na presha kubwa miaka ishirini imezoea msukumo mkubwa. Ukiishusha ghafla, yale mashamba ya mwisho yanakauka. Hivyo msimpe dozi mbili kufidia ya jana, na msishangilie kipimo kikishuka kutoka 190 hadi 110 ndani ya siku mbili. Ishuke kwa wiki kadhaa. Apimwe akiwa amekaa, kisha baada ya kusimama dakika moja hadi tatu. Ikishuka sana akisimama, dawa ipangwe upya, la sivyo ataanguka. Kwa wengi wa umri wake waliowahi kupata kiharusi tunalenga namba ya juu ifike karibu 130, kama mwili unaikubali. Aspirini nayo ni uamuzi wa daktari aliyeona picha. Kama kiharusi kilikuwa cha kuziba inasaidia, kama picha ina alama za kuvuja damu hesabu inabadilika.

Kuhusu dawa za ubongo zinazouzwa kwa matangazo, okoa hela yako. Ginkgo, dawa ya majani ya mti inayosifiwa sana, ilijaribiwa Marekani kwa watu 3,069 wengi wao wa miaka 75 na zaidi, na mwaka 2008 ikaonekana haizuii demensia. Dawa mpya za kuondoa amiloidi, lekanemabu na donanemabu, ni za kweli, lakini zinapunguza kasi tu kwa wagonjwa wa hatua za mwanzo, zinahitaji MRI za mara kwa mara, na madhara yake ni uvimbe na kuvuja damu ubongoni. Mgonjwa ambaye mishipa yake tayari inavuja ndiye asiyefaa kupewa. Donepezili, dawa ya kusaidia kumbukumbu, inaweza kumsaidia kidogo kama sehemu ya Alzheimer ni kubwa, ijaribiwe kwa miezi michache na iachwe isipoonyesha kitu.

Nimechelewa kumfikia dada wa kazi, na ninataka nimtetee. Mama anapoficha hela anakuwa na sababu nzuri wakati ule, kisha tukio lenyewe haliandikwi popote kichwani. Anarudi baada ya saa, hela hazipo. Ubongo hauwezi kukaa na pengo, unalijaza na maelezo yenye mantiki: zilikuwepo, hazipo, humu ndani tuko wawili, basi kaiba. Hasemi uongo, anaamini kwa moyo wote. Msibishane naye wala msimlete binti kujitetea mbele yake. Tafuteni pamoja, mjifunze maficho yake, mwachieni noti ndogondogo mkononi. Na binti aambiwe na wewe mwenyewe, kwa maneno, kwamba mnajua hakuiba. Wasichana wamefukuzwa kwa hili, wengine wamepelekwa polisi.

Shangazi naye msimkejeli. Anatafuta sababu kama wewe unavyoitafuta. Mwombe tu kwamba, vyovyote anavyoamini, hakuna jirani atakayetajwa jina, na dawa ya presha haitaachwa hata siku moja. Akitaka kuomba na mama, aombe. Nyimbo za kanisani mama huenda bado anazijua zote, na kuimba na watu kunamfaa kuliko kukaa peke yake mbele ya televisheni.

Umeuliza kama nawe utafika huko. Jeni zinazorithishwa moja kwa moja kutoka kwa mzazi hadi mtoto na kuleta Alzheimer ni nadra mno, na dalili zake huanza kabla ya uzee. Ipo jeni iitwayo APOE, ambayo aina yake ya 4 huongeza hatari, na ni ya kawaida kwetu Waafrika. Lakini haiamui peke yake. Watafiti waliwafuatilia Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, na matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha wagonjwa wapya wa demensia asilimia 1.35 kwa mwaka Ibadan na 3.24 Indianapolis. Ulichorithi kwa mama, kwa kadiri barua yako inavyosema, ni presha. Na presha ya miaka 45 ni hatari zaidi kwa ubongo wa miaka 75 kuliko ile inayoanza uzeeni, kwa kuwa ina miaka thelathini ya kuipiga mishipa.

Hapo ndipo ninapotaka ukae chini uhesabu. Utafiti wa Marekani wa watu 9,361 wenye presha ulilinganisha walioshushwa namba ya juu chini ya 120 na walioshushwa chini ya 140. Mwaka 2019 ukatangaza kuwa kundi la kwanza lilipata upungufu wa awali wa kumbukumbu kwa asilimia 19 pungufu. Demensia yenyewe pia ilipungua, ila si kwa kiwango cha kuondoa uwezekano wa bahati. Walikuwa watu wasio na kisukari wala kiharusi, kwa hiyo namba hiyo usimbandikie mama, jadili ya kwako na daktari wako. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo kumi na manne, na presha ya utu uzima, kisukari, lehemu mbaya, sigara, kutosikia na elimu ndogo yamo. Wewe una kidonge cha presha, amlodipini au kingine kama hicho. Kimeze leo. Chumvi ipungue kwenye sufuria nzima ya nyumba. Tembea, lala, na kaka yako naye apimwe presha wiki hii, kwa sababu kwa jinsi anavyosema "ni uzee" nina wasiwasi hajapimwa.

La mwisho, mama aambiwe? Aambiwe. Ameshajua kuna kitu, pengine ndiyo maana anaficha hela. Asiyeambiwa hubaki na maelezo mawili, ama anakuwa mwendawazimu ama watu wake wanamwibia. Chagua asubuhi ya siku njema, mkiwa wawili, kwa Kimachame chenu, bila daftari wala mjadala wa ndugu. Mwambie mishipa ya kichwa imeumizwa na presha, ndiyo inayomkatia mambo katikati, dawa hii ni ya kuilinda iliyobaki, na jikoni mtapika pamoja, yeye amenye ndizi, wewe ufuatishe hatua. Msikilize atakalosema juu ya shamba, nyumba na mazishi yake, na uliandike siku hiyohiyo wakati bado anaweza kulisema mwenyewe. Huenda kesho akauliza tena ana nini. Mjibu kama ulivyomjibu leo, kwa maneno yaleyale.